Maziwa ya Siku ya Kupuliza

Hadi leo nikipita mbele ya duka la pembejeo nikanusa dawa ya magugu, huvuka upande wa pili wa barabara. Nitawaambia kwa nini, ingawa naona aibu.

Kwetu Pito, palizi ilikuwa kazi ya akina mama. Walijipanga mstari katika mahindi ya tajiri mmoja wa mjini, majembe yakienda sambamba na umbea. Nilipokuwa darasa la nne, tajiri akaleta dawa na bomba la kubeba mgongoni. Wanawake wote wakaambiwa wabaki nyumbani, isipokuwa mama yangu, aliyepewa kazi ya kupuliza. Wenzake wakaacha kuitikia salamu zake kisimani.

Hakupewa glavu wala kitambaa cha kuziba pua. Alipewa chupa ya maziwa ya nusu lita kila siku ya kupuliza. “Yanakata sumu,” tajiri alisema, nasi tukaamini. Mama aliyaacha mezani ili ayanywe akitoka shamba.

Nisiwadanganye, nilikuwa mlafi. Siku moja niliyanywa yote, kisha nikakoroga unga wa sembe kidogo katika maji na kujaza chupa. Mama alirudi macho mekundu, nguo zimelowa dawa mgongoni. Akainua chupa, akanywa hadi tone la mwisho, akaniangalia.

Kabla jua halijazama alianguka uani. Alitapika, mikono ikimtetemeka, na baba akamkimbiza zahanati kwa pikipiki ya jirani. Nilibaki nimeshika ile chupa tupu, nikijua nimemuua mama yangu. Nilisali rozari nzima, nikaanza tena, nikamwahidi Mungu sitagusa maziwa maisha yangu yote. Alirudi baada ya siku mbili. Wiki iliyofuata akalibeba tena bomba, nami nikawa namsimamia anywe maziwa yake.

Siri hiyo nikakua nayo. Hata bwana shamba aliponieleza kwamba maziwa hayazuii sumu yoyote, moyo wangu ulikataa kupona. Mwaka jana nikaungama kwa mama, nikilia mbele ya wanangu.

“Skola, unga ule niliuona,” alisema. “Lakini ningemlalamikia tajiri kwamba dawa inaniumiza, bomba angepewa mwingine.” Akanifuta machozi kwa ncha ya kitenge. “Sasa siku zile nilizokunywa maziwa yenyewe, mwanangu, ulidhani nilikuwa natapika nini kule nyuma ya choo?”