Mjomba wa Haika

Haika anawaogesha wazee huko Peckham, London, kazi ambayo ndugu zake wanaionea haya huku wakiupenda mshahara wake. Ana miaka thelathini na minne, na mama yake alishafariki. Lusekelo alipotaka kumposa, wazee wake waliuliza swali moja tu: mjomba yuko wapi? Kwa kina Haika, Uchagani, posa haipokelewi bila mjomba. Na mama yake alikuwa mtoto wa pekee wa Mwingereza aitwaye Fredi, aliyefika Moshi kununua ngozi, akaondoka mimba ikiwa changa.

Huko Moshi walimpandisha cheo Fredi kila mwaka. Mara afisa wa serikali, mara mtoto wa bwana mwenye mashamba. Mimi, rafiki yake wa hukohuko London, nanunua na kuuza fanicha za mitumba. Kitu kikisifiwa hivyo nakipindua nione chini yake. Nilimwambia Haika, "Achana na hadithi. Tema mate kwenye kile kichupa cha kupima DNA, ukipeleke maabara."

Akatema. Majibu yakamtoa Eddie wa Bermondsey, mtoto wa dada yake Fredi, yaani mjomba kwa Haika, mzee aliyezibua mitaro ya maji taka mpaka akastaafu. Tukamwendea. Alitupa chai na keki, Haika akauliza habari za ukoo.

"Ukoo?" Eddie alicheka mpaka akakohoa. "Bibi yangu alifanya kazi kiwanda cha ngozi, binti. Walizilainisha kwa mavi ya mbwa. Akipanda basi, anaachiwa kiti kizima."

"Na baba yake Fredi?"

"Hata bibi hakuwa na hakika. Jina tunalotumia ni la mwenye nyumba aliyempangisha."

Niliirudisha keki sahanini, sikatai. Haika yeye alikuwa anamtazama mzee uso wote, kama anayetafuta kitu alichokiweka pale. Kisha akamwomba aje kukaa kiti cha mjomba. Eddie akauliza kama ni lazima avae tai.

Aliyenichefua kweli ni Thadei, baba mdogo wa Haika, mtu wa ofisini.

"Mavi ya mbwa mbele ya wakwe? Dada, wewe mfanyabiashara, si unajua kupamba bidhaa?"

"Napiga msasa, Thadei. Sibandiki jina la uongo."

Siku ya posa, kwenye ukumbi wa kanisa, mimi nikiwa msemaji wa upande wa binti, nikakuta kiti cha mjomba kimekaliwa na Mwingereza wa suti ya kijivu na saa ya mnyororo. Jina lake Douglas, amekodiwa na Thadei kutoka kwa watu wanaoigiza kwenye sherehe. Saa yenyewe ilikuwa imesimama.

Haika alitoka chumba cha ndani kabla hajaitwa. Wamama wakaguna.

"Baba mdogo, Eddie yuko wapi?"

"Mzee anaumwa, mwanangu."

Akampigia Eddie simu palepale, kwa spika, sauti ikasikika ukumbi mzima. "Siumwi, binti. Baba yako mdogo alisema wakwe hawanitaki."

Haika akawageukia wageni. Alimpenda Lusekelo, na kila mtu mle ndani aliliona hilo. "Bibi wa mama yangu alisugua ngozi kwa mavi ya mbwa. Babu wa mama hajulikani. Mjomba wangu amezibua mitaro maisha yake yote. Kama hamtaki, chai ipo, kunyweni mwende."

Mzee Anselm, msemaji wa kina Lusekelo, alijikuna kidevu. "Sisi tuliuliza mjomba. Hatukuuliza bibi yake alinukaje. Kamleteni, ila pilau isitolewe kabla hajafika, hawa vijana wangu nawajua."

Nilikwenda na gari langu la mizigo. Eddie aliketi mbele, akiifunga na kuifungua tai.

Ukumbini, Douglas alishaondolewa kitini. Mzee Anselm akauliza, kama desturi, "Mjomba, binti huyu unamjua?"

Nikamtafsiria. Eddie akajibu, "Namjua. Katika ndugu zangu wote, ndiye pekee aliyenitafuta bila kutaka kukopa."

Wakacheka, wakapiga makofi, posa ikapokelewa. Thadei akajipenyeza mpaka kando ya kiti, akamkumbatia mzee mabegani, simu juu: "Mjomba wetu! Tazama hapa!"

Niliutoa mkono wake kama mtu anavyotoa unywele kwenye mchuzi, nikamwambia apishe, picha ni ya watu wa upande wa mama.