Retraite ya Bamama Tisa

Mimi ni mtu wa mdomo. Mume wangu anasema hata nikinyamaza ananisikia. Kwa hiyo kikundi chetu cha sala cha bamama wa parokia kilipokataa mara ya pili kunipa foulard ya bluu, kile kitambaa cha shingoni cha waliokubaliwa, sikuwa na haja ya kuuliza sababu. Niliuliza hata hivyo, kwa sauti, mbele ya kanisa.

Présidente wetu, mama mpole anayeuza chumvi, alinijibu: "Mama, roho yako iko sawa sufuria ya maharagi bila kifuniko. Ufanye retraite kwanza. Siku tatu, hata neno moja hapana. Ukimaliza, foulard ni yako."

Retraite, kwetu Butembo, ndizo zile siku za kujitenga na kusali kimya kwa masista. Padri anasema mafungo, mais mama wa Butembo akiwa na jambo la maana lazima alipitishe kwenye Kifaransa kwanza. Niliapa kwamba nitaimaliza. Foulard ile niliitaka kuliko sukari, na siku hizo za vita sukari ilikuwa imepotea sokoni kabisa.

Tuliondoka asubuhi, bamama tisa, kwa miguu, kushika njia ya Beni, magodoro kichwani. Présidente alikuwa amesema kimya kinaanza mlangoni mwa kanisa, donc hata kusalimia watu njiani hapana. Mwanaume mmoja aliyekuwa akisukuma tshukudu yake, kile kigari cha mbao cha magurudumu mawili, yenye makaa aliliona godoro langu, akaniuliza kama bwana amenifukuza. Nilimeza jibu. Lilikuwa jibu zuri sana, na hadi leo linaniuma kwamba sikulitoa.

Tukafika kwenye barière. Ilikuwa kamba tu, imefungwa kati ya miti miwili, na nyuma yake askari wa jeshi lolote lililoshika mji msimu ule. Sisi tulikuwa tumeshachoka kujifunza majina yao. Mmoja wao, mtu mzima mwenye mvi kwenye ndevu, akasimama.

"Bamama, munaenda wapi?"

Kimya. Tulimtazama tu, wote tisa.

"Niko nauliza! Muko mabubu?"

Présidente alifikiri kidogo. Akatoa kalamu na kipande cha karatasi kwenye kitabu chake cha sala, akaandika neno moja kwa herufi kubwa, akampa: RETRAITE.

Askari akasoma. Akasoma tena. Akatutazama: wanawake tisa, magodoro kichwani, wanatoka mjini bila kusema neno. Mungu wangu! Kwa askari retraite si sala hata kidogo. Ni jeshi kuamriwa kurudi nyuma.

"Retraite!" akapiga kelele, akakimbilia kibandani. "Retraite! Bamama bamejua mbele yetu!"

Wenzake wakatoka mbio, mmoja na kiatu kimoja, mwingine amekumbatia sufuria ya fufu inayofuka. Wa mwisho alitoka mkubwa wao, shati wazi mpaka kitovuni, akitaka kujua ni nani ametoa amri bila yeye. Akaikamata ile karatasi.

"Hawa ni ba-espions, bapelelezi! Mufunge bote!"

Nikamgeukia présidente. Alikuwa amefumba macho, midomo yake inatembea na rozari. Wengine vilevile. Ah, hapana! Watakatifu wanane wafungwe kwa sababu ya Kifaransa? Niliiaga foulard yangu moyoni, nikafungua mdomo.

"We papa! Ulishaona wapi espion anabeba godoro? Retraite yetu ni ya Mungu! Ni siku tatu za kunyamaza, na mimi nilikuwa nimeshafika saa moja nzima, sasa umeniharibia!" Sikuishia hapo. Nilimwambia habari ya shati lake, na ya fufu yao ambayo hata kwa macho ilionekana mbichi.

Mkubwa alianza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini. "Mupite, mupite," akasema, akipangusa machozi. "Na huyu, kweli mumupeleke akanyamaze."

Kamba ikashushwa. Présidente alinipita akitikisa kichwa, na nilielewa: foulard imekwenda. Nikamtafuta yule wa mvi, kwa sababu fujo yote ilitoka kwake. Alikuwa amekaa juu ya jiwe, mfuko mgongoni, blanketi limekunjwa na kufungwa juu yake, kila kitu tayari.

"Na wewe!" nikaanza.

"Mama, unisamehe," akasema polepole. "Nilifikiri tunarudia nyumbani. Niko na myaka ine sijaona batoto."

Nikaliweka godoro vizuri kichwani, nikawafuata wenzangu.

Siku ya tatu présidente alifungua kimya, na bamama wakalipuka kwa vicheko na habari, wote kwa pamoja. Akanikuta peke yangu kwenye benchi la nyuma, ndani ya kapela ya masista.

"Na wewe, mama? Sasa unaweza kuongea."

"Bado," nikamwambia. "Sijamaliza kumuombea yule wa mvi."