Friji Lililopona Katwe

Naikumbuka asubuhi moja ya Katwe, mtaa wa Kampala, mwanangu, kwa harufu ya sangara wanaoanza kulainika. Nilikuwa msichana, najifunza ufundi wa umeme kwa Mzee Ramadhani, Mnubi mkali wa kazi na mwepesi wa kucheka. Hata chai hatujanywa, tukaitwa kwa Mama Zawadi, Mkongo aliyeuza samaki kando ya karakana za mabati.

Alikuwa amepewa friji na dada yake wa Nsambya. Kule, kila lilipowashwa, fyuzi iliungua papo hapo, hadi dada akachoka akaligawa. Hapa Katwe fyuzi haikuungua hata mara moja. Kilichosumbua ni swichi ndogo ya kinga pale ukutani: friji likiwashwa tu, swichi inajizima.

"Friji ilishapona," Mama Zawadi akatuambia. "Hii kaswichi ndiyo iko mubaya. Mutoe tu, baba, samaki yangu inaoza!"

Nami nilimwona ana haki. Fyuzi nzima, friji zima, nani angebisha? Tena nilimhurumia, maana riziki ya watoto wake yote ilikuwa humo. Nikachukua bisibisi ili niunganishe nyaya moja kwa moja bila kupitia swichi.

Mzee akaniwahi. "Wewe binti! Hebu tazama miguu ya huyu mama!"

Nikatazama. Alikuwa pekupeku juu ya saruji iliyolowa maji ya samaki, na mkono ameuweka tayari kwenye mlango wa friji. Mwanangu, bisibisi niliirudisha mfukoni. Ningemuua kwa huruma yangu.

Mzee akatuketisha, akaeleza taratibu kama kawaida yake. Ugonjwa ni uleule, Nsambya na Katwe: ndani ya friji kuna waya uliochubuka. Tofauti ni njia ambayo umeme unarudi. Kule kwa dada, waya wa ardhi umeunganishwa na ule unaorudisha umeme, kwa hiyo umeme uliovuja unarudi kwa kishindo kupitia waya wa shaba, na fyuzi inaungua. Huku mwenye nyumba aliufunga waya wa ardhi kwenye chuma alichokipigilia udongoni, basi. Umeme unajikokota kwenye udongo, haupati nguvu ya kuunguza fyuzi, na bati la friji linabaki na umeme likimsubiri mtu. Ile swichi ndogo pekee ndiyo inayoona kwamba umeme uliotoka haukurudi wote.

"Tena kuna vyumba vya upasuaji," akaongeza, maana alipenda tujue alikopita, "ambako hitilafu ya kwanza haikati umeme. Inaliza kengele tu, daktari amalize kazi. Lakini ole wako uizoee hiyo kengele, halafu hitilafu ya pili ije ikuzimie kila kitu!"

Tukaligeuza friji. Waya ulikuwa umesuguana na bati nyuma ya mota. Tukaubadilisha, tukawasha, swichi ikatulia. Mama Zawadi akapiga vigelegele, akawakaanga wale samaki walioanza kulainika, tukala na mafundi wa mabati hadi kuinuka ikawa kazi. Mzee alichagua kichwa kikubwa kuliko vyote wala hakuona haya.

Sasa nisikilize. Usipime uzima wa kitu kwa ukimya wake. Kosa lilelile litapiga kelele nyumba hii, na nyumba ya pili litakaa kimya likiwa na hatari zaidi. Dada yangu mimi hulia akichomwa na mwiba, lakini mume wangu anaweza kuugua wiki nzima akisema hajambo. Kila mmoja nimejifunza kumsikiliza kwa namna yake. Na anayekukatiza shughuli zako kila mara, awe mtu au chombo, usikimbilie kumnyamazisha. Kwanza kagua anachokiona.

Haya, nenda kazini. Mungu akurudishe kwa watu wako jioni hii ukiwa mzima, na kila jioni utakayojaliwa.