Wasifu Uliosomwa Mara Mbili

Jumamosi iliyopita nilikuwa msibani kijijini Suma. Mzee wa kanisa alisimama kusoma wasifu wa mama aliyefariki: "Ameacha watoto wanne, wa kiume wawili na wa kike wawili."

Dada yake marehemu, bibi wa miaka themanini hivi, aliinuka kwenye mikeka ya wanawake, akanyoosha mkongojo kuelekea benchi la wanaume. Pale alikaa mmoja wa watoto hao, ana ndevu na koti jeusi. Alipozaliwa walimwita binti; miaka mingi sasa anaishi Mbeya kama mwanamume.

"Mzee, soma upya. Wa kiume ni watatu. Huyu namjua, nimembeba mgongoni."

Alipofariki baba yao, mtoto huyu huyu alikaa benchi hilo hilo, wakamfukuza akamenye ndizi na wanawake. Tulicheka. Nasema tulicheka, kwa sababu na mimi nilicheka.

Mzee alitoa kalamu, akaweka karatasi gotini, akafuta, akaandika. "Mnisamehe," akasema. "Wa kiume watatu, wa kike mmoja." Watu wakaitika "Amina", ingawa haikuwa sala.

"Ndaga fijo, mama," yule mwanamume akamshukuru bibi.

Bibi yule hajawahi kukaa kwenye semina hata moja. Jambo ambalo sisi wasomi tunaogopa hata kulitaja, yeye alilimaliza kwa mkongojo. Namshukuru.

Jeneza liliponyanyuliwa, yule mwanamume alishika mbele. Nyuma yake palikuwa pamebaki mshikio mmoja bila mtu. Nikaushika mimi.