Kijiji Nilichochora Bila Kukikanyaga

Wacha niseme mwenyewe kabla hamjasikia kwa Guyo, maana Guyo akisimulia huongeza chumvi, na hii haihitaji chumvi hata kidogo: mimi, Sahra wa duka la vitambaa hapa Wabera, mjini Isiolo, mama wa watoto watatu, niliongoza gari zima la watu mpaka upande wa Biliqo kuwagawia mbuzi neti za mbu. Si watu wenye mbuzi. Mbuzi. Na hao mbuzi wenyewe hawakuwepo.

Ilianza na simu. Kuna shirika la msaada ambalo watu wake wa kujitolea hawaonani hata siku moja: unaletewa picha iliyopigwa kutoka juu na setilaiti, ukiona nyumba unaizungushia kidole, na wale wanaopeleka chanjo na neti wanajua watu wanaishi wapi. Zamani kujitolea kulikuwa ni kubeba magunia kwa jua (mgongo wangu bado unakumbuka), sasa nilikuwa nasaidia nimeketi kwa stuli, chai mkononi, kati ya mteja mmoja na mwingine. Nilipenda mpaka mume wangu akaniuliza kama nimeolewa na simu.

Halafu siku moja programu ikaniuliza: umewahi kufika eneo la Biliqo? Jibu la kweli lilikuwa hapana. Lakini marehemu babu yangu alipeleka sukari huko kwa lori miaka mingi, nimelelewa na hadithi zake, nikajiambia ni kama nimefika, nikabonyeza ndiyo. Kumbe ukibonyeza ndiyo unapandishwa cheo! Kazi za wenzangu zikaanza kuja kwangu nizikague. Mmoja akaniandikia, "Dada, hizi duara ni nyumba kweli?" Nikamjibu kama profesa, "Ni nyumba. Mimi huko nakujua." Mwingine alikuwa amechora nyumba chini ya miti kando ya lugga, ule mto wa mchanga, nami nikazifuta zote nikaandika: vivuli tu.

Mvua ikanyesha, mbu wakajaa, neti zikaletwa. Guyo, anayesimamia kazi ya shirika hapa Isiolo, akanipigia. "Abaayo, dada yangu, wewe ndiye unakujua. Utatuonyesha njia."

Hapo ndipo ningepaswa kusema ukweli. Nikasema, "Hakuna shida."

Tukatoka asubuhi, mimi mbele na dera langu jipya, nyuma Guyo na Sista Kendi, muuguzi. Dereva akiniuliza tupite wapi, mimi naangalia simu kwa siri chini ya mtandio. Kwenye lugga akauliza, "Kulia ama kushoto?" Nikasema kulia, kwa sauti ya mtu aliyezaliwa hapo, na gari likazama kwenye mchanga mpaka tukashuka wote kusukuma (lile dera sasa ni la kupigia deki).

Tulipofika Guyo akatoa simu kurekodi, ili watu wa kujitolea kila mahali waone kazi yao. "Sahra, tuambie tuko wapi."

Nikanyoosha mkono. "Salaam aleikum. Hiki ndicho kijiji tulichokichora pamoja..." Nikageuka kukionyesha. Miduara ya miiba. Samadi kavu. Hakuna hata moshi.

Mama mmoja alikuwa anapita na punda wake wa maji. Akasimama, akatuangalia, akaangalia marobota ya neti. Baadaye nikamjua kwa jina, Mama Dabo.

"Mnatafuta nani?"

"Wenye hizi nyumba," nikasema.

"Hii si nyumba. Hii ni ya mbuzi. Na mbuzi zilihama." Akanyooshea neti kidole. "Sasa mbuzi ya Isiolo inalala kwa neti?"

Dereva alicheka mpaka akashika boneti. Sista Kendi akajifunika uso. Guyo hakucheka. "Si ulisema umewahi kufika?"

Simu bado inarekodi, mimi nimesimama juu ya samadi. Nikasema tu. "Sijawahi. Nilidanganya. Hata njia nilikuwa naisoma kwa simu."

Nilitaka ardhi inimeze. Lakini Mama Dabo akauliza neti ni za kina nani, na Sista alipomwambia ni za nyumba zenye watoto wadogo, akatuambia tumfuate. Kando ya lugga, chini ya miti, zilikuwepo nyumba, watu, moshi. Ndani ya moja mjukuu wake alikuwa amelala na homa. Sista akampima pale pale, ikawa ni malaria, akampa dawa. Mimi nikafungua ramani nikaona tulipo. Ni vile vivuli nilivyofuta. Hapo sikuona aibu tena, niliona woga, nikaketi chini nikalia.

Neti zikatosha, kwa sababu moja ya kipuuzi: nilikuwa nimewahesabia mbuzi kama watu. Mtoto alipona, alhamdulillahi.

Kabla hatujaondoka nilimwonyesha Mama Dabo ile picha ya setilaiti. Aliikodolea macho kidogo tu. "Hii njia pana ni ya kwato. Hii nyembamba ni ya mtu anaenda maji. Wewe huoni?" Wallahi nilikuwa nimeitazama picha hiyo wiki nzima, na sikuwa nimeona njia yoyote.

Guyo alituma video bila kukata hata sekunde moja (wenzangu wa kujitolea walinicheka kwa lugha nisizozijua), na mimi nikaomba nishushwe cheo. Sasa anayekagua ni Mama Dabo na majirani zake wawili. Wakimaliza kukamua wanapanda mahali penye netiwaki na kutuma sauti, na watu walio mbali kabisa wanasubiri wasikie wamesema nini.

Bado nachora kila siku dukani. Ila nimeapa: sitaweka wala kufuta nyumba ya mtu yeyote kabla ya kumuuliza mwenyewe anaishi wapi.