Kitabu Kisafi cha Baba

Juzi dada yangu alinitumia kifurushi kutoka Buffalo. Alikuwa amesikia kwamba binti yangu, ninayemsomesha mwenyewe nyumbani hapa Louisville, anaanza uchumi mwaka huu, na kwamba bado sijui nimchagulie kitabu gani. Nilipofungua boksi nikakuta kitabu cha marehemu baba, bado kimevaa jalada la karatasi ya kaki. Sikutaka kukigusa. Niliteleka chai ambayo hata sikuinywa.

Kama ulisomea kwetu Kivu, Kongo, utanielewa. Darasani kitabu kilikuwa kimoja tu, cha mwalimu. Yeye akisoma, wanafunzi wakiandika. Baba alikuwa mwalimu wa namna hiyo. Tulipofika Marekani, mji wa Columbus, tukapanga nyumba mtaa wa Linden, na watoto wakamwonea dada kwenye basi la shule mpaka akakataa kwenda. Baba akatutoa shuleni wote wawili. Asubuhi alitufundisha jikoni, mchana akaenda zake kazini ghalani.

Utoto wangu uko pale mezani. Sombe, yale majani ya muhogo, ikichemka nyuma yetu, mvuke ukilowesha kioo cha dirisha, baba akisoma polepole, sisi tukipiga mistari myekundu kwa rula chini ya kila kichwa cha somo. Dada alikuwa na mwandiko mzuri hadi nikamwonea wivu. Akiuliza maana ya kitu, baba alijibu vilevile kila siku: "Bon, andika kwanza. Kuelewa itakuya."

Dada alipofikia uchumi, mama mmoja wa mtaa wa Clintonville, aliyesomesha wanawe nyumbani, alituita kwake tuchague kati ya vitabu viwili. Kimoja kilikuwa chembamba, na mwanawe alikuwa amekijaza maelezo kwa kalamu kila ukurasa. Kingine kilikuwa kinene, safi kabisa. Yule mama akatusogezea kile chembamba. Baba alikipekua, akakunja uso.

"Hiki wameshachafua," akatuambia kwa lugha yetu. "Mwanafunzi wa adabu hawezi andika mu kitabu."

Tukaondoka na kile kinene. Jioni hiyohiyo baba akakivalisha kaki.

Mwaka mzima dada alinakili. Alitaka kusomea uuguzi, na uchumi ulikuwa somo la mwisho lililobaki. Ndipo akaja mwalimu wa kukagua kazi za wanaosomea nyumbani. Alimwuliza gharama ya fursa ni nini. Dada akajibu bila kukosea neno: ni kile unachokikosa kwa kuchagua kingine. Mwalimu akatabasamu, akaomba mfano mmoja tu kutoka maisha yake mwenyewe. Dada akainamia daftari, akapekua, akapekua tena. Baba alikuwa anatazama dirisha. Mimi nilikuwa naosha vyombo, nikaacha maji yatiririke ili nisiusikie ule ukimya.

Akaambiwa arudie somo. Hakurudia. Kiangazi kile alihamia Buffalo kutunza wazee, na mpaka leo yuko huko. Nilimkasirikia baba miaka mingi, nikaona alijali usafi wa kitabu kuliko mwanawe. Sikumwambia, na sasa hayupo.

Jana binti yangu ndiye aliyekifungua. Akaniuliza, kwa Kiingereza chake, nani amefutafuta humu ndani. Nikakipeleka dirishani. Juu ya maneno magumu palikuwa na penseli iliyofutwa, ikisomeka kwa shida: hapa neno la Kifaransa, pale la Kiswahili lenye alama ya kuuliza, ukurasa baada ya ukurasa hadi wa mwisho. Mwandiko ulikuwa wa baba. Naye alikuwa haelewi. Alikuwa akijisomea kabla hatujaamka, kisha anafuta. Niliona aibu kwa hasira yangu yote.

Nikampigia dada, nikamweleza.

"Juu ya nini hakutuambia?" akasema. "Tungesoma naye, sisi watatu."

Ile meza tuliiacha Linden, sombe siku hizi nanunua ya kugandishwa, na sauti ya baba nikiitafuta kichwani naisikia kwa mbali tu. Kitabu chake ni kizito mno kwa mtoto. Nimekirudisha kwenye boksi na kumnunulia binti yangu kingine, chepesi. Asubuhi hii alishika penseli juu ya ukurasa wa kwanza, akaniuliza kama anaruhusiwa. Nikamwambia aandike. Halafu nikamwambia kwamba uchumi hata mimi siujui, nikavuta kiti nikaketi naye.