Kadi ya Karembo

Ni mimi. Miezi sita sasa nasikia mtu mwingine akilaumiwa kwa kosa langu, na nimenyamaza. Mungu anisamehe, kwa sababu mama yangu akijua, sidhani kama yeye ataweza.

Nilisomea kompyuta, kazi nikakosa, nikarudi nyumbani Tetu. Mama alikuwa na ng'ombe mmoja tu, Karembo, na karo yangu yote ilitoka kwenye kiwele chake. Nikataka mama aone kwamba haikupotea bure. Nikamtengenezea programu: unaandika tarehe ng'ombe alipopandishwa, nayo inakuhesabia siku ya kuacha kumkamua na siku ya kuzaa. Majirani wakaja kuitazama. Kichwa kikanivimba!

Daktari wa mifugo wa kwetu, jina lake naliacha, huandika tarehe ya kupandisha kwenye kadi ya ng'ombe. Kwa Karembo aliandika 7/5. Tarehe saba, mwezi wa tano. Hata mtoto wa nasari angesoma. Lakini programu yangu niliiunga kwa vipande vilivyoandikwa na watu wa ng'ambo, ambao wengine hutanguliza mwezi. Kompyuta ikasoma tarehe tano, mwezi wa saba.

Na nilikuwa nimeijaribu, jamani! Niliijaribu kwa tarehe yangu ya kuzaliwa, ishirini na tano. Kwa kuwa hakuna mwezi wa ishirini na tano, mashine iligeuza yenyewe ikatoa jibu sawa. Nilijaribu mara hiyo moja tu, nikaridhika.

Mwaka uliofuata, mwezi wa pili, mama akaniita zizini.

"Hii ng'ombe iko karibu. Si uone vile matiti imejaa?"

"Mum, relax. Bado miezi mbili. Mashine haikosei."

"Ati haikosei? Mimi nimezalisha ng'ombe kabla uzaliwe."

"Na hizo zote ulikuwa unakisia tu."

Nilimwambia hivyo mama yangu! Akasema, "Haya, wewe ndiye umesoma."

Kesho yake akaenda Kianyaga kwa ruracio, sherehe ya mahari, ya binti wa dada yake, maana nilimhakikishia hakuna haraka. Kwenye saa nne asubuhi Karembo akaanza kulia. Nikamtupia majani, nikaangalia simu: siku hamsini na tisa zimebaki. Nikarudi ndani, nikaweka muziki masikioni. Nilimsikia akilia na nikaongeza sauti ya muziki.

Nilipotoka saa nane alikuwa amelala chini, mguu mmoja wa ndama umetokeza. Nikampigia daktari. Alikuja mbio na pikipiki, akavua shati, akaingiza mkono hadi begani. Ndama alikuwa amekaa vibaya na alikuwa ameshakufa. Karembo alikata roho kichwa kikiwa mapajani mwangu.

"Mbona hukuniita asubuhi?" daktari akaniuliza. "Leo ndiyo ilikuwa siku yake kabisa."

Alipoondoka nikafungua kompyuta, nikaandika 7/5. Ikaniambia Julai. Nikaongeza neno moja la kuamuru siku itangulie, ikaniambia Mei. Neno moja tu! Nililia kama mtoto.

Basi hapo ndipo ningesema ukweli. Mama alirudi jioni na leso yake mpya kichwani, akasimama mlangoni mwa zizi. Hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Si mashine ilisema bado?" Nami, huku nikijua, nikamjibu, "Daktari aliandika tarehe mbaya kwa kadi."

Asubuhi mama alienda kwenye kituo cha maziwa bila maziwa. Watu wakamuuliza, akawaeleza. Kufikia Jumapili hakuna aliyemtaka daktari zizini mwake. Daktari akanijia.

"Nionyeshe hiyo kadi."

"Ilipotea."

Akaniangalia sana. "Kijana, mimi najua chenye mkono yangu iliandika," akasema, akawasha pikipiki akaenda. Siku hizi yuko Timau, anabeba maua katika shamba la watu. Mtu aliyezalisha ng'ombe wa kijiji kizima!

Kadi haikupotea. Iko kwenye mkoba wa kompyuta yangu. Nimejaribu kuichoma mara mbili, mkono ukakataa. Kila ninaposikia ng'ombe wa jirani akilia, natoka nje mbio.

Juzi shangazi alimpa mama mtamba. Amepandishwa na daktari mgeni, na mama akaniletea kadi mpya akitabasamu. "Weka kwa mashine," akasema. "Watu wengine waliniangusha, lakini wewe hukuniangusha." Nilitamani ardhi inimeze!

Wenzangu mnaoandika programu, msijaribu kwa tarehe moja mkaridhika. Jaribuni tarehe saba, jaribuni tarehe tano, jaribuni zile mnazodhani haziwezi kukosea. Na mzazi wako akikuambia ng'ombe anakaribia kuzaa, weka simu chini uende ukamwangalie ng'ombe.

Lakini zaidi ya hayo, ukikosea, sema siku hiyohiyo. Mimi nilingoja kesho, na sasa sijui nianzie wapi. Mama ananiita zizini saa hizi. Anasema mtamba hajala tangu asubuhi, na anataka kujua mashine inasemaje.